Mafuta ya kupenya kutu: miezi minne na Land Rover ya 1974

Bolti ya kwanza niliikata kichwa. Ilikuwa ya madigadi ya mbele kushoto, kwenye Land Rover Series III 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya mwaka 1974 aliyoniachia baba mkubwa. Gari lilikaa miaka 11 chini ya mwembe hapa Tanga, na upepo wa bahari unajulikana unavyokula chuma. Nilipuliza mafuta, nikasubiri dakika kumi, nikatia spana na bomba la kuongeza nguvu. Kichwa kikabaki ndani ya spana. Niliumia, kwa sababu bolti ile ilikuwa ya tangu gari linatoka kiwandani.

Mafuta ninayoyazungumzia ni yale yaliyotengenezwa mahususi kupenya kutu, kopo la kupuliza la mililita 400. Wengi huyachanganya na WD-40 ya kawaida. Hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1953 ili kufukuza maji kwenye chuma, na hata leo naitumia kwa kazi hiyo. Kwa nati iliyoganda miaka kumi nilitaka kitu chepesi zaidi, kinachotambaa chenyewe kati ya meno ya nati na bolti.

Na kweli yanatambaa, ila yanataka muda. Baada ya kosa lile nilibadilisha mwendo. Kwanza nasafisha meno yaliyo nje kwa brashi ya waya, maana mafuta hayavuki tope na rangi. Napuliza jioni, nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa ili kutu ipasuke, asubuhi narudia. Siku ya tatu ndipo natia boksi (spana ya kufunika kichwa chote) ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inateleza na kuviringisha kichwa. Naanza kwa kukaza kidogo, halafu nalegeza. Bolti ikianza kulia nasimama, naongeza mafuta, nairudisha ndani nusu mzunguko, kisha natoa tena. Kwa mwendo huo, bolti za madigadi, milango na paa zilitoka karibu zote nzima. Kwa kazi hii nayapa nyota tano bila kusita.

Kwenye springi ni habari nyingine. Bolti zake hupita ndani ya bomba la chuma la bushi, yaani kile kipande cha mpira na chuma kilicho kwenye jicho la springi, na kutu inashika urefu wote wa bomba hilo. Mafuta yanaingia kwenye ncha tu. Nilimaliza kopo zima huko, na kati ya bolti 12 zilitoka tatu. Zilizobaki nilizikata kwa grenda yenye diski nyembamba. Ningekuwa nimejua, kopo lile nisingelifungua.

Nati za ekzosi nazo zilitaka moto. Unachoma nati, si bolti, ili nati itanuke na kuachia. Kabla ya kuwasha gesi nilifuta mafuta yote niliyopuliza, kwani yanashika moto, na nilishusha tangi la petroli. Kwenye gari hili tangi liko chini ya kiti, karibu sana na kazi. Jambo jingine msilipuuze: chuma kilichosafishwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisichomwe wala kulehemiwa. Joto linaigeuza kuwa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Kuandaa chuma nilitumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, hasa kwenye sakafu ya miguu, ambako Land Rover hizi huoza kwanza. Niliondoa magamba kwa brashi ya waya, nikafuta grisi, ndipo nikapaka. Kutu iliyobaki iligeuka ngozi nyeusi iliyoshika vizuri. Haifanyi muujiza: palipotoboka panahitaji kukatwa na kuwekwa bati jipya. Chesisi nilipeleka kupigwa mchanga, yaani kusuguliwa kwa mchanga unaorushwa na hewa ya nguvu, nikaipaka prima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) siku ileile. Kwa unyevu wa Tanga, chuma kitupu kinapiga wekundu kabla ya kesho yake.

Bodi ni ya aluminiamu, na hiyo sikuipiga mchanga, kwani bati lake jembamba linapinda. Palipogusana na bolti za chuma nilikuta unga mweupe na mashimo. Chumvi na unyevu vikikutanisha metali hizi mbili, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Niliusugua kwa msasa laini, nikapaka prima ya asidi inayoshika aluminiamu, na sasa kila bolti nimeiwekea washa ya plastiki.

Nimetumia makopo matatu kwa jumla. Bei yake si ndogo, lakini nitanunua tena kwa ajili ya bodi na injini.

Jumamosi iliyopita nilirudisha springi. Bolti mpya nilizipaka grisi kutoka kichwani hadi kwenye meno, na zote 12 zimeingia kwa kusukuma na kidole gumba.