Mashine ndogo ya kufyatua matofali: ipi ununue ukiwa Iringa, Mbeya au Njombe

Mvua zikikatika huku Nyanda za Juu Kusini, mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, simu za aina moja huanza kunijia. "Kaka, nimeona mashine ya intaloki huku Mwanjelwa, jamaa anataka laki nne na nusu, niichukue?" Kesho yake anapiga mwingine wa Mafinga, naye anatumiwa picha kwenye simu na mtu ambaye hajawahi kumwona. Jibu langu huwa swali: umefyatua matofali mangapi na mashine hiyo kabla ya kuuliza bei? Wengi hawajafyatua hata moja.

Tuelewane kwanza ni mashine ipi. Siongelei kalibu ya mbao ya matofali ya kuchoma, wala kalibu ya chuma ya kugongea bloku za saruji za nchi sita. Naongelea hiyo ya intaloki, yaani ya matofali ya kufungamana, ile yenye mkono mrefu. Unajaza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, unafunga kifuniko, unavuta mkono, kisha tofali linasukumwa juu likiwa na meno upande mmoja na mfereji upande wa pili. Mababu wa mashine hii wako Kolombia: CINVA-Ram, iliyobuniwa na mhandisi Raúl Ramírez jijini Bogotá miaka ya 1950. Tofali lake halikuwa na meno. Meno ya kufungamana yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Thailand. Hapa nchini, NHBRA, yaani Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, umekuwa ukiisambaza na kufundisha vijana kuitumia. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ndilo ninalokutana nalo kwenye saiti nyingi.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloamua kila kitu. Mashine ya mkono haipimi nguvu, inapima nafasi. Mkono ukifika chini, sahani, lile bamba la chini linalosukuma udongo juu, imepanda mpaka pale ilipopangiwa, basi. Ukijaza udongo kidogo, tofali litatoka na kimo kilekile ila ndani ni laini kama mkate. Ukijaza kupita kiasi, mkono unagoma, na hapo kijana wa watu anaruka juu yake na kuning'inia. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye pini, kwenye kifuniko na kwenye kuta za boksi unalojazia udongo. Mashine nyepesi haivunjiki siku hiyo. Inajipinda kidogo kidogo, huoni, mpaka ukuta ukuambie.

Mimi ukuta uliniambia. Mashine yangu ya kwanza niliichukua kwenye karakana moja kwa bei iliyonifurahisha, fremu ya engo laini nyembamba, rangi ya bluu inang'aa. Matofali ya wiki ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Tulipofika kama 1,500, boksi lilikuwa limeshatanuka katikati na kifuniko kimeanza kubonyea upande mmoja. Hatukujua, tukachanganya ya mwanzo na ya mwisho kwenye rundo moja. Kozi ya kumi na tano, yaani mstari wa kumi na tano wa matofali kutoka chini, fundi akaweka pima maji, akanyamaza, akaweka tena. Kona moja ilikuwa juu kwa unene wa kidole. Matofali haya hupangwa makavu, hayana kitanda cha mota, ule udongo wa saruji na mchanga wa kuunganishia, cha kufichia kosa: milimita moja kwenye kila kozi ni sentimita moja na nusu ukifika kozi ya 15. Tulimalizia kwa kupaka mota kila kozi, kazi ileile niliyonunua mashine niikwepe.

Kwa hiyo orodha yangu haifuati idadi ya matofali kwa siku. Inafuata chuma.

Ya kwanza: ya mkono, tofali moja, fremu nzito

Hii ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida mwenye kiwanja, au vijana watatu wanne wanaotaka kufyatulia watu. Kuta za boksi ziwe za bamba la milimita 10. Ukiona sita, achana nayo. Kuta za ndani ziwe na bamba jembamba lililofungwa kwa bolti, kwa sababu udongo wenye mchanga unasugua kama msasa. Bamba la bolti unalibadilisha, bamba lililochomelewa utalikata na grenda na kuharibu boksi zima. Mkono uwe mrefu, mita moja na nusu kwenda juu. Mkono mfupi humaanisha watu wawili wa kuvuta badala ya mmoja.

Pini ndizo roho. Kila pini ipite kwenye bushi, kile kibomba cha chuma kinachovaa pini ili isile tundu, na pawe na mahali pa kupitisha grisi. Kuna mashine pini zake ni kipande cha nondo kilichopitishwa kwenye tundu la bamba, nondo kabisa, na mistari yake. Tundu hilo litakuwa yai kabla ya mwezi kwisha.

Namna ya kuikagua ilinifundisha mzee mmoja mchomeleaji pale Kihesa. Nilifika na tepu, nikaanza kupima boksi kwa nje. "Kamwene," akanisalimu, halafu akacheka. "Kijana wangu, nje unapima rangi." Akanifanya nipime ndani, pembe kwa pembe, mara mbili kwa kupishanisha. Vipimo vikipishana, boksi limekaa mshazari na kila tofali litatoka mshazari. Kisha akaniambia nishike ncha ya mkono niutikise kulia na kushoto, siyo juu na chini. Ukicheza upana wa kiganja, pini zimeshalegea, hata kama mashine ni mpya. Mwisho akafyatua matofali kumi mfululizo, akayapanga wima moja juu ya jingine bila kitu katikati, akapima kimo kwenye kona zote nne. Tofauti ya kona na kona kwenye rundo la kumi ilikuwa ndogo kuliko unene wa sarafu. Nikalipa laki saba bila kubishana, na mashine hiyo bado inafanya kazi, iko Ipogolo kwa shemeji.

Ya pili: hiyohiyo, lakini mtumba

Nawashangaa wanaoikwepa. Mashine ya chuma kizito iliyofyatua elfu kumi na bado inanyoosha matofali imeshajithibitisha kuliko mpya yenye rangi. Angalia kama kuta za boksi zimechongeka kama bakuli, hasa chini, pale sahani inapoanzia safari. Bushi na pini mchongaji yeyote wa mashine ya leti atakutengenezea, Iringa mjini au Mbeya. Ila ukiona kifuniko kimechomelewa upya mara mbili tatu, jua watu walikuwa wanakirukia. Fremu ya namna hiyo imeshachoka hata isipoonekana.

Kama unajenga nyumba moja tu na hutafyatua tena, usinunue. Kodi, au shirikianeni majirani. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, kuta za mita za mraba 90 ukiondoa milango na madirisha, inakula matofali 3,000 hivi, maana mita moja ya mraba huchukua 33. Watu wanne waliozoea wanafyatua 300 kwa siku bila kukimbizana. Hiyo ni kazi ya siku kumi, halafu mashine ikae ikiota kutu nyuma ya banda la kuku?

Ya tatu: ya mkono ya matofali mawili kwa mpigo

Hapa ndipo watu wengi huingia mkenge. Muuzaji anasema mara mbili kwa siku. Lakini udongo wa kuchekecha ni uleule, wa kuchanganya ni uleule, na anayebeba matofali kupeleka kivulini ana mikono miwili ileile. Nguvu ya mkono mmoja sasa inagawanywa kwenye maboksi mawili, na ukijaza moja zaidi ya jingine, sahani inapanda kiupande. Nimeona moja tu ninayoweza kuisifia, na uzito wake ulihitaji watu watano kuishusha kwenye Kirikuu. Ukitaka kuongeza uzalishaji, ongeza mtu wa kuchekecha na toroli la pili. Ni rahisi zaidi.

Ya mwisho, kwa mtu wa kawaida: za injini na haidroliki

Mashine za haidroliki, mfano Hydraform za Afrika Kusini, zinabana kwa nguvu ambayo mkono hauwezi kuifikia, na tofali lake ni gumu kweli. Sina ubaya nazo. Lakini kuna dizeli, oili ya haidroliki, sili za pampu, na fundi wa hivyo vitu hayupo kila kijiji. Ni za mkandarasi mwenye kazi ya mwaka mzima. Zile za mtikiso zinazotumia umeme usizichanganye na hizi: ni za mchanga, kokoto na saruji.

Udongo ndio nusu ya mashine

Ninayemwona anahangaika na mashine nzuri, mara nyingi shida ni udongo. Ondoa ule wa juu mweusi wenye mizizi. Udongo mwekundu wa Iringa na Mafinga mara nyingi una mfinyanzi mwingi, unataka mchanga. Ule wa mbuga unaopasuka kiangazi, kama wa Usangu au Pawaga, usipoteze muda nao. Ule mwepesi wa majivu ya volkano wa kuelekea Tukuyu unaudanganya mkono: unajaza boksi, unabana, kisha tofali halina uzito. Hapo fyatua machache, yakomaze, yajaribu kwa maji kabla ya kuagiza saruji ya nyumba nzima.

Kipimo chake hakina gharama. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Paka oili ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, shindilia, acha ukauke kabisa. Sukuma vipande vyote upande mmoja, pima pengo lililobaki. Likizidi sentimita 5, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Na kwenye kufyatua, finyanga donge kwenye kiganja, liachie kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vichache, maji yako sawa. Likibaki limebonyea kama ugali, maji yamezidi. Likisambaa vumbi, ongeza kidogo.

Saruji, mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa matofali 50 hadi 70 kutegemea udongo. Muuzaji atakuambia unaokoa saruji nusu ya nyumba. Akiba kubwa haipo hapo. Ipo kwenye mota usiyoweka, kwenye plasta ya nje unayoweza kuiacha, kwenye kuni ambazo tanuru halikuzila, na kwenye udongo ambao haukupandishwa lori. Matofali 3,000 yenye kilo nane nane ni tani 24. Shimo la choo na msingi vinaweza kukupa sehemu kubwa ya mzigo huo, kama ukiutenga mapema kabla mafundi hawajausambaza kiwanjani.

Kosa la hapa kwetu ni upepo. Julai na Agosti Mbeya na Makambako upepo unakausha tofali kabla saruji haijashika, na Njombe baridi ya Juni inaichelewesha kushika. Kote dawa ni moja: funika kwa nailoni siku ileile, mwagilia wiki nzima isikauke, na usijengee kabla ya siku 28. Ukiwa na haraka, utalaumu mashine.

Siku ya kwenda kununua, beba tepu, sarafu moja, na ndoo mbili za udongo wa kiwanja chako mwenyewe, siyo udongo wa maonyesho walionao pale karakana. Saruji kilo mbili tatu watakupa. Omba kopo la kujazia na uhesabu: kopo lilelile, limesawazishwa kwa ubao, kila tofali. Fyatua kumi, panga, pima. Nenda siku ya kazi asubuhi, umeme ukiwepo, ili kona ikipishana mchomeleaji airekebishe mbele ya macho yako, na fedha ikiwa bado mfukoni.