Zafarani: duka lile silipendekezi, zafarani yenyewe ngojeni kwanza

Nyota moja. Na hiyo moja nakipa kikopo, maana kina kifuniko kinachobana vizuri na sasa natilia pini za mtandio.

Ilikuwa mwaka jana, Ramadhani imekwisha au inaelekea kwisha, sikumbuki sawasawa. Nilikuwa na miezi silali. Si ugonjwa wa kulazwa, ni ule moyo mzito tu: unaamka saa tisa usiku, unatazama feni mpaka adhana. Kula sitaki, watu sitaki. Shangazi yangu anayekaa Muscat akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, kunywa zafarani, itakutuliza." Mie zafarani naijua ya biriani na ya kombe, tangu mdogo nimeona aya zikiandikwa kwa wino wake kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Kwa hiyo kusikia ni dawa hakukunishtua. Kilichonishtua ni kusoma kwamba madaktari wa Tehran waliijaribu kwa watu wenye huzuni isiyo kali sana, miligramu 30 kwa siku, wiki sita mpaka nane, na waliopewa zafarani wakapata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Majaribio yenyewe madogo, watu makumi tu, lakini angalau si maneno ya barazani.

Nikaenda mjini. Duka silitaji, Mombasa wauza viungo ni wengi. Kikopo cha gramu moja, shilingi 1,200. Nikamuuliza muuzaji natumia vipi. Akasema nitie nusu kikopo kwenye kikombe cha maziwa, asubuhi na jioni. Nusu! Gramu moja ni miligramu 1,000. Ukifuata kipimo cha wale madaktari inakaa mwezi na siku zinabaki. Yeye ataka niimalize leo, kesho nirudi. Na nikiwa bado nimesimama pale akamgeukia dada mmoja mjamzito, akamwambia anywe kwa wingi mtoto atoke mweupe. Nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu. Ile kidogo ya kwenye chakula haina neno, lakini ukizidisha gramu kadhaa unachokoza mji wa mimba. Zamani watu waliitumia kutolea mimba makusudi. Ikifika gramu kumi na kitu yaweza kuua hata asiye na mimba. Na huo weupe wenyewe hauleti, ni uzushi wa wauzaji na mashosti.

Haya. Usiku nikatia nyuzi chache kwenye maji ya moto, asali kijiko, nikanywa. Nikalala! Wallahi nililala mpaka alfajiri. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki nzima nikawa mpiga debe wa zafarani, dada zangu wote nimewapigia simu.

Mpaka shangazi akauliza, "Maji yanakuwa rangi gani?"

Nikasema mekundu. Akanyamaza kidogo. Akaniambia nichukue bilauri ya maji baridi nitie uzi mmoja nitazame. Zafarani ya kweli haina haraka: rangi yachuruzika polepole, maji yanakuwa manjano ya dhahabu, na uzi unabaki mwekundu vilevile. Yangu, hata sijaiweka bilauri mezani, maji yashakuwa kama sharbati ya harusi na uzi umebaki mweupe pepe. Nikautafuna mmoja. Zafarani inanukia tamu, lakini ulimini ina uchungu. Hii haikuwa na chochote. Ndevu za mahindi, zimetiwa rangi.

Nikarudi na kikopo changu. Duka limejaa. Sikupiga kelele, nilisema kwa adabu kabisa: "Kaka, hii si zafarani." Kikopo hakukitazama. Alinitazama mie, kuanzia buibui mpaka ndara, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Bibie, zafarani ni ya wenye nafasi. Wewe nunua manjano, rangi ni ile ile."

Watu wakacheka. Kijana wake wa kwenye mizani naye akacheka, mtoto ambaye mie ningeweza kumzaa.

Jibu la kumpa nilikuja kulipata nikiosha vyombo, siku tatu baadaye, na sufuria haikunisifu. Nimesoma kwamba huko Nuremberg, Ujerumani, karne ya 15, wachakachuaji wa zafarani walichomwa moto pamoja na mali yao. Sisemi achomwe. Nasema hao watu uchungu wangu wangeuelewa. Kilo moja inataka maua kama 150,000, yachumwe kwa mkono, na kila ua lina nyuzi tatu tu. Sehemu kubwa inatoka Iran. Mie nililipia maua 150, nikapewa gunzi.

Shangazi akanitumia ya kweli kwa msafiri. Hiyo nimeinywa kwa kuhesabu nyuzi, na kufikia wiki ya tano hivi moyo umekuwa mwepesi. Kwa hiyo inafanya kazi? Ningesema ndiyo, nyota nne, lakini wakati huo huo nilikuwa nimeshaanza kwenda kwa daktari, na jioni natembea na jirani mpaka Lighthouse. Sijui cha kushukuru ni kipi. Halafu kuna hili linalonikera kuliko yote: kwa ndevu za mahindi nililala vizuri zaidi! Basi labda ilikuwa asali. Labda ilikuwa ni ule utulivu wa kukaa na kikombe, simu iko mbali. Mwenye dawa za huzuni za hospitali asiziache kwa ajili ya kikombe hiki, na akitaka kuchanganya amuulize daktari wake kwanza.

Tatu, basi. Zafarani naipa tatu. Nikikumbuka ile "nunua manjano" natamani kuirudisha kwenye moja, ingawa zafarani yenyewe, maskini, hata haikuwepo dukani siku ile.

Juzi nimepita pale. Vikopo vimepangwa dirishani kama kawaida, vimeandikwa 1,500.