Maua ya mvua kutoka Arusha mpaka Tabora: uzoefu wangu wa misimu miwili

Maua nimeyapenda, muuzaji nimemvumilia, ila kile kikaratasi chake cha maelekezo kimenila msimu mzima. Naandika kwa anayefikiria kuagiza, hasa wenzangu wa Tabora, maana hewa yetu na ya Arusha ni vitu viwili tofauti.

Ilikuwa Septemba 2023. Nilikuta picha kwenye stetasi ya rafiki: ukingo wa baraza umejaa viua vyeupe na vya pinki, vifupi, majani membamba kama nyasi. Chini kaandika "maua ya mvua, ikinyesha tu yanachomoka". Nikaomba namba ya muuzaji. Kitunguu kimoja (ndicho kinachopandwa, ua linaota humo) shilingi 1,500, na haviagizwi chini ya 20. Nikatuma 30,000 na nauli ya mzigo 5,000. Nilitaka kumi vya pinki na kumi vyeupe. "Sawa mpendwa," akajibu. Huyu dada kila mteja ni mpendwa, hata ukiwa unamlalamikia.

Mzigo ulisafiri kwa basi, halafu ukakaa siku mbili stendi kwa sababu hakuna aliyenipigia. Nilipoufungua, harufu ndiyo iliyonipokea. Vitunguu vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa fundo mara mbili, ndani umetoa jasho. Kitunguu kizima cha ua hili ni kama vile vitunguu maji vidogo vinavyobaki chini ya gunia sokoni: ganda la kahawia, shingo ndefu kidogo, na ukibonyeza ni kigumu. Vinne vyangu ukibonyeza kidole kilizama, vikatoa maji meusi. Vitu hivi vinasafiri vizuri tu vikiwa vikavu, kwenye karatasi au maranda, ndani ya boksi lenye matundu. Nailoni ni kuvipika.

Vikabaki 16, na hakuna lebo hata moja. Nikamuuliza vipi vya pinki. "Utaviona vikitoa maua mpendwa."

Sikusubiri mpaka maua. Vilipoota nikagundua vimejitenga vyenyewe, na hili ni jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Cheupe, ambacho wataalamu wanakiita Zephyranthes candida, kina majani membamba lakini yaliyojaa, ya mviringo, ukiyasugua kati ya vidole unahisi kama waya laini. Cha pinki jani lake ni bapa, na chini karibu na kitunguu lina wekundu kwa mbali. Nikapita kila chungu nikisugua majani kama mtu anayepima kitambaa dukani: vyeupe 13, pinki vitatu. Hata tuseme vile vinne vilivyooza vyote vilikuwa vya pinki, bado nilikuwa namdai vitatu. Nikamtumia picha na hesabu. Akasema atanifidia mzigo ujao. Hapo ndipo nilipoanza kumvumilia.

Sasa kikaratasi. Kilikuwa na mistari minne: panda kwenye udongo wenye rutuba, weka samadi, mwagilia kila siku, furahia maua. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Uwanja wetu hapa Isevya ni mchanga mtupu, nikaona huo si udongo wenye rutuba, nikamlipa kijana wa bodaboda aniletee viroba viwili vya udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata kwenye viatu masika na kupasuka kiangazi. Nikachanganya na samadi, tena mbichi (hapo kosa ni langu, kikaratasi hakikusema mbichi), nikajaza vyungu vitatu, vitunguu vinne kila kimoja. Vinne vidogo kabisa vilivyobaki nikavisogeza kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia iliyotoboka chini, nikaijaza mchanga wa uwanjani kwa sababu mbuga ilikuwa imeisha, nikaitupa nyuma ya simtenki chini ya ukingo wa bati. Vyungu nikaviweka kivulini, chini ya mwembe.

Nikamwagilia kila siku, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Majani yalikuja ya kutosha, marefu, ya kijani kibichi, yamelala kama nywele zilizopakwa mafuta. Ua hakuna. Oktoba ikaisha, mvua zikaanza, na mnakumbuka mvua za mwaka ule wa El Niño. Sasa vyungu vikawa vinamwagiliwa na mimi na mbingu. Desemba majani ya vitunguu vitano yakageuka manjano kuanzia chini. Nikavuta kimoja, kikaja na shingo tu. Kitunguu kimekuwa uji. Kati ya vile vitano, viwili vilikuwa vya pinki.

Na ndoo? Niliisahau, na nakiri hivyo bila aibu. Mvua ilikuwa haiifikii pale chini ya bati, mimi maji sikuipelekea, majani yake yalikuwa machache na yamenyauka nchani. Kisha katikati ya Desemba ilinyesha mvua moja ya usiku, mfereji wa bati ukaziba kwa majani ya mwembe, maji yakafurika yakamwagika yote kwenye ndoo. Siku ya nne asubuhi nakwenda kufungua bomba la simtenki, nikakuta viua vinne. Vitatu vyeupe, kimoja cha pinki. Kila ua petali sita, katikati vijiti vya njano, limesimama kwenye bua lake lisilo na jani, refu kama kalamu. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi mpaka nikachelewa daladala.

Ndipo nikaanza kusoma, nikaelewa kilichotokea. Ua hili linasubiri kiu. Kitunguu kinapitia ukame, udongo unakauka, halafu kinapopata maji mengi kwa mpigo ndipo kinasukuma bua, na ndani ya siku chache limechanua. Ukikipa maji kila siku kinakula na kunenepa, kinatoa majani, hakina haraka ya kuchanua. Kwa hiyo kikaratasi kile kilikuwa kinanifundisha kufuga nyasi. Na Tabora hii, yenye kiangazi kirefu cha kuanzia Mei mpaka Oktoba, ndiyo imeumbwa kwa ua hili, kama tu utaacha kujitia huruma na kopo la kumwagilia.

Asili yao pia inaeleza kitu. Cheupe kwao ni Argentina, Uruguay na maeneo ya jirani, na kinavumilia udongo wenye unyevu. Cha pinki kinatokea Mexico na kusini yake, na wakati wa kupumzika hakipendi kabisa kukaa kwenye maji. Ndiyo maana vya pinki vilikuwa vya kwanza kunifia kwenye ile mbuga.

Msimu wa pili nilibadili kila kitu. Udongo: sehemu mbili mchanga wa uwanjani ule ule niliokuwa naudharau, sehemu moja samadi iliyooza mpaka haina harufu, na maganda ya mpunga kidogo ya kuulegeza. Vitunguu nikavizamisha kina cha vidole viwili, shingo ikichungulia. Vyungu vikatoka chini ya mwembe vikaja upande wa mashariki wa nyumba, vipate jua la asubuhi, maana ua hili kwenye kivuli linakuwa vivu, na hata likichanua linajifunga jioni. Kuanzia Juni sikutoa maji. Cha pinki majani yakakauka yakapotea, nikadhani kimekufa, nikafukua kidogo kwa kijiti: kigumu, kizima, kimelala. Mvua ya kwanza ilipopiga mwezi wa kumi na moja, siku tano baadaye nilikuwa na maua 14 kwa mara moja. Kila ua lilidumu siku mbili, tatu. Wanaotaka ua la kukaa wiki mezani watafute kitu kingine. Ila mvua zikikatika Januari, zikarudi, na maua yanarudi.

Adui mmoja wa kumwangalia: viwavi vyeusi vyenye madoa ya rangi ya maziwa. Vilinivamia Februari. Vinaanza ncha ya jani vinashuka nalo mpaka ndani ya kitunguu, na usiku mmoja vinaweza kumaliza chungu. Jirani yangu anayelima tumbaku akanishauri niloweke majani ya tumbaku ninyunyizie. Nina watoto wanaochezea kila kitu pale nje, nikakataa. Nilivitoa kwa mkono usiku, tochi mdomoni, navitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Usiku tatu vikaisha.

Nimefika kwenye lalamiko langu kubwa, ambalo si rangi wala nailoni.

Mwezi huo huo mama mkwe alikuja kutoka Sikonge. Jioni narudi kazini namkuta jikoni, ameshakaanga nyanya, kando yake kwenye ubao kuna majani ya kijani yamekatwakatwa vizuri, tayari kuingia sufuriani na dagaa. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona vitunguu vyako havinuki?"

Nilishika mkono wake kabla sijatoa shikamoo. Ua hili lote, kuanzia jani mpaka kitunguu, lina sumu inayoitwa likorini, inayotapisha na kuharisha, na kitunguu ndicho kibaya zaidi. Jani linafanana kabisa na jani la kitunguu, tofauti ni hiyo aliyoiona yeye: halina harufu. Mama alicheka, akayamwaga, akaosha kisu mara tatu. Kisha akaniambia kwao porini kwenye miyombo kuna ua jekundu la duara kama mpira, linatoka na mvua za kwanza, na tangu utotoni walikatazwa kulichezea. Nilipomwonyesha picha ya Scadoxus multiflorus kwenye simu akasema ndilo. Ni ndugu wa haya yangu, ukoo mmoja. Wazee wetu walijua la kuwaambia watoto kuhusu ua la bure la porini, na mimi nimelipa 35,000 kwa muuzaji ambaye kwenye mistari yake minne hakupata nafasi ya neno "sumu". Akiuza kitu kinachoitwa kitunguu, kinachofanana na kitunguu, kwa watu wanaopanda mboga mlangoni, hilo ndilo lingekuwa neno la kwanza. Nilimwambia hivyo. Akaniletea kikatuni cha mikono iliyounganishwa.

Bei yenyewe silalamiki. Vitunguu vinazaa vitoto pembeni, na Agosti hii nilipofukua kugawanya nilihesabu 38, saba vikiwa vya pinki, vyote watoto wa kile kimoja cha ndooni. Vyeupe vinatoa pia mbegu nyeusi bapa, lakini sijajaribu kuzipanda, na kwa kasi hii ya kuzaa sioni kwa nini nihangaike. Sita nimempa jirani wa tumbaku, kwa sharti aviweke mbali na bustani ya mboga.

Kama utaagiza kwake au kwa yeyote: omba vikavu, omba boksi lenye matundu, na usilipie pinki mpaka akutumie picha ya majani, si ya maua. Picha ya maua kila mtu anayo.

Jana ameniandikia. "Mpendwa, vya njano vimeingia, vichache." Nimemwomba picha ya majani yake, na nimemkumbusha vitatu vyangu vya pinki. Tiki mbili za bluu ninaziona tangu asubuhi.