Glavu zenye raba mgongoni: zinakinga nini chuma kikidondoka?

Glavu zenye raba nene juu ya vifundo na vidole mara nyingi hutangazwa kwa picha ya fundi aliyekumbatia injini. Picha hiyo inazisifia kupita kiasi. Spana ikiteleza vifundo vikagonga bloku, au bolti ikidondoka kutoka juu ya benchi, utazishukuru. Kwa giaboksi, usizitegemee.

Hesabu ni hii: kipimo cha EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kazi, huipiga glavu kwa nishati ya jouli 5, sawa na kilo 10 zilizoanguka sentimita 5. Puli ya kilo 20 ikianguka sentimita 30 hufika na jouli karibu 59. Isitoshe, raba iko mgongoni tu. Kidole kikinaswa chini ya kipuri wakati wa kukitua, upande wa kiganja umekingwa na kitambaa chembamba, basi.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Kwenye EN 388, baada ya tarakimu nne na herufi inayoonyesha ukinzani wa kukatwa, tafuta P, alama ya kinga ya kugongwa. Isipokuwepo, raba ile haina uthibitisho wa EN 388 dhidi ya kugongwa, hata iwe nene vipi. Tena P hupimwa kwenye vifundo pekee. ANSI/ISEA 138 ya Marekani, iliyotoka 2019, hupima vidole na gumba pia, na sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua daraja. Daraja la 1 huruhusu kwa wastani hadi kilonewtoni 9 (kipimo cha nguvu ya pigo) zipenye. La 3, zisizidi 4. Kwa kufungua na kufunga mitambo, daraja la 2 linatosha. La 3 ni gumu, na nati ndogo huisikii vidoleni, matokeo yake watu huzivua.

Saizi ikizidi, raba husogea pembeni ya kifundo na ncha tupu za vidole hunaswa. Penye grisi, chukua kiganja cha nitraili (raba isiyoharibiwa na mafuta) chenye chengachenga. Ngozi bandia huteleza, na kipuri kinachoteleza ndicho kinachodondoka.

Karibu na drili au mashine ya kukerezea inayozunguka, zivue: glavu ikishikwa huvuta mkono mzima.

Kipuri kizito kishushwe kwa cheni bloku, juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa mapema, na kielekezwe kwa fimbo ya kusukumia, si kwa vidole. Raba ikipasuka au kubanduka kwenye mshono, nunua nyingine. Gundi ya dukani hairudishi daraja lake.