Ziara ya viungo Unguja: zafarani iliyonizindua

Nilikulia Tanga nikisimuliwa na bibi yangu, Mpemba wa Wete, jinsi karafuu zinavyoanikwa majamvini hadi mtaa mzima ukanukia, na hadithi hizo ndizo zilizonifanya mwezi uliopita nilipe shilingi 30,000 kwa ziara ya viungo kisiwani Unguja.

Niwape haki yao kwanza. Gari lilifika kwa wakati, na kijana aliyetutembeza anaijua kazi yake. Alipasua tunda la kungumanga kwa kisu, akatuonyesha basibasi nyekundu iliyoizonga mbegu kama wavu, kisha akaeleza kwamba ua la vanila huku kwetu huchavushwa kwa mkono wa mkulima, moja baada ya jingine. Kwa nusu saa nilirudi kuwa mtoto wa bibi.

Mwisho wa matembezi tulipelekwa kwenye kibanda cha mauzo, na hapo mambo yakatumbukia nyongo. Mezani palikuwa na vipakiti vilivyoandikwa "zafarani ya Zanzibar", shilingi 10,000 kimoja. Zafarani ni nyuzi za ua linalotaka majira ya baridi, kama ya Iran na Kashmir, na hapa kwetu haioti. Nilipofungua kipakiti nilikuta vipande vya ua vya rangi ya machungwa, vifupi, visivyo na harufu hata chembe. Nilipomuuliza yule kijana kwa sauti ya chini, alitabasamu: "Dada, hiyo ni ya wageni."

Angenibishia, ningekasirika yakaisha. Kilichonivunja moyo ni kwamba aliniambia siri kama mtu wa nyumbani, na tangu hapo niliyaona yote kwa macho mengine: miti miwili miwili ya kila aina, imepandwa kandokando ya njia ili ionyeshwe, katika shamba lisilo na jamvi hata moja. (Karafuu nyingi za Zanzibar, kwa kweli, hutoka Pemba.) Kiswahili husema mtu amezinduka, kama aliyezimia akarudiwa na fahamu, sikujua kwamba kurudiwa na fahamu kunaweza kuuma hivi.

Ninawapa nyota 3 kati ya 5, zote za kungumanga na vanila. Kesho yake nilinunua karafuu sokoni Darajani, nikampelekea mama. Alizinusa, akauliza kama ni za Pemba. Sikuwa nimemuuliza muuzaji.