Uzoefu wangu: miezi minane na programu ya kupanga zamu za wafanya usafi, Moshi

Saa 11 na dakika 10 alfajiri simu iliita. "Shikamoo madamu. Mtoto amechemka usiku kucha, niko naye hospitali." Nikaitikia, nikampa pole, nikamwambia akae na mtoto. Kisha nikakaa kitandani nikiwaza, maana kliniki anayosafisha inafunguliwa saa 1 na nusu, na sakafu inatakiwa iwe imeshapigwa deki na kukauka kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Nasimamia wafanya usafi 34 hapa Moshi: ofisi kadhaa, hosteli ya wanafunzi, nyumba mbili za wageni na hiyo kliniki. Kwa miaka sita asubuhi kama ile niliimaliza kwa namna moja tu, kumpigia mama mmoja wa Kiboriloni. Hakuwahi kukataa. Anakaa karibu na barabara na daladala za kwao zinaanza mapema, basi ikawa kama sheria: akikosekana mtu, mpigie mama.

Mwezi Machi ofisi ilinunua programu ya kupanga zamu. Jina siliweki hapa, zinazofanana nayo ni nyingi na ninayoyasema yatamfaa hata mwenye nyingine. Kazi yake ni hii: mtu akitoa udhuru, namwondoa kwenye rosta na zamu yake inakuwa wazi. Programu inaniletea orodha ya wanaoweza kuishika, ikiwa imeshawatoa walio likizo, walio kwenye zamu nyingine na waliofikisha saa zao. Natuma meseji kwa watano au sita kwa mpigo. Wa kwanza kukubali anaipata, mimi nathibitisha. Alfajiri ile ya mtoto mgonjwa, zamu ilipata mtu ndani ya dakika 9.

Haikuanza vizuri hivyo. Ilikuja na vipimo vya kwao, wiki ya saa 40 inayoanza Jumapili. Nililazimika kukaa siku mbili kuipa vipimo vya kwetu kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 ndani ya wiki nne, na mapumziko ya saa 12 kati ya kutoka na kuingia tena. Hicho cha mwisho kilinichoma. Nimewahi kumwita mtu aliyetoka nyumba ya wageni saa 4 usiku aje ofisini saa 12 asubuhi, na nikaona ni jambo la kawaida. Sasa jina lake halitokei kabisa kwenye orodha.

Kliniki niliiwekea alama yake. Si kila anayejua kupiga deki anaingia kule. Anayeingia lazima awe amefundishwa kutenganisha taka, asiguse kisanduku cha sindano ovyo, na awe amemaliza dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B. Nilipoweka masharti hayo orodha ya watu wa kuziba pengo kliniki ilishuka hadi majina manne. Hilo halikuwa kosa la programu. Lilikuwa pengo letu la siku nyingi, na tumeshapeleka wengine watano kwenye mafunzo na chanjo.

Sasa kasoro. Nusu ya watu wangu wana kitochi, kwa hiyo ile ya kufungua programu kwenye simu janja haiwahusu. Wanapata meseji ya kawaida na kujibu 1 kukubali au 2 kukataa, na kila meseji inakatwa kwenye salio la kampuni. Maneno ya meseji niliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, nikaacha nafasi ambayo programu inajaza muda. Ikatoka hivi: "Kesho zamu yako saa 06:00, hosteli." Dada wa Pasua akafika saa 6 kasorobo mchana, amevaa sare, ameshika glavu, na mabafu ya wanafunzi yameshinda hayajaguswa toka asubuhi. Alisoma sawasawa kilichoandikwa. Saa 6 ni saa 6. Nilimlipa siku yake, nikaondoa tarakimu zote. Siku hizi kila zamu ina jina na maneno yake kamili: "ALFAJIRI, saa kumi na mbili asubuhi." Anayetaka kununua programu ya namna hii ajaribu hilo kabla ya jambo lingine lolote.

La pili ni zito zaidi. Jinsi ilivyokuja, sababu ya mtu kukosekana ilionekana kwa wenzake wote wenye simu janja. Wa kwetu mmoja aliandikiwa ugonjwa wake kama ulivyo kwenye karatasi ya ED, ile ya daktari ya kumpumzisha mtu kazini, na kabla ya jioni ulikuwa unazungumzwa stoo ya ndoo na mafagio. Aliumia sana, na alikuwa na haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazolindwa zaidi. Kitufe cha kuzuia kipo, ila kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Sasa wenzake wanaona neno "hayupo" tu.

Umbali nao inaupima kwa ramani. Kwenye ramani Uru ni hapo juu tu, lakini nyakati za masika barabara ikiteleza mtu wa Uru anafika baada ya yule wa Himo. Hapo naamua mwenyewe.

Msiba pia programu haiujui. Sheria inatoa siku 4 kwa kufiwa na watu wa karibu kama mzazi, mwenza au mtoto. Mjomba hayumo, na kwetu mjomba akizikwa Rombo huwezi kubaki mjini unafuta vioo. Nimetengeneza aina yangu ya ruhusa, "msiba wa ukoo", ambayo mtu anaibadilisha na ofu zake.

Lakini lililonifanya niipende ni ripoti moja. Tuliingiza rosta za daftari za miezi mitatu ya nyuma. Kati ya zamu 41 zilizozibwa, 19 alizishika mama wa Kiboriloni. Nilimwita nikamwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Madamu, ukinipigia wewe mwenyewe saa 11 alfajiri, nitasemaje sitaki?"

Meseji inayokwenda kwa watu sita inamwachia mtu nafasi ya kukataa bila kumkatalia mtu. Mwezi uliopita mama alishika zamu za ziada mbili tu, tena kwa kuzitaka, na akalipwa mara moja na nusu kama inavyotakiwa, kwa kuwa saa zinahesabiwa zenyewe. Wengine saba, ambao sikuwahi hata kuwafikiria, wanagombania hizo zamu. Kumbe ada za shule zilikuwa zinawasumbua na hakuna aliyewauliza.

Malipo yake ni kwa dola, kwa kadi ya benki, kwa kila jina lililomo mwezi mzima. Vibarua walioondoka wafute kabla ya tarehe ya kulipia, la sivyo unawalipia. Kwa mwenye watu kumi pengine daftari na kundi la WhatsApp vinatosha. Kuanzia ishirini na kitu, na sehemu zaidi ya tatu, mimi nasema inunue.

Maombi ya likizo ya Desemba niliyafungua Oktoba, maana kuanzia tarehe 20 kila mtu anapanda mlimani kwao. Hadi leo, rosta ya Desemba 24 inaonyesha zamu tano hazina mtu, na bado nina wiki sita za kuzitafutia.