Miezi mitatu ya kupaka hiki na kile Dodoma: kilichonifaa na kilichonila hela

Yaani kama unaishi Dodoma unajua ninachosema, ikifika mwezi wa sita ule upepo ukishaanza ngozi inakuwa kama gamba la mbuyu. Unaoga, unatoka bafuni, hujafika hata kitandani mguu umeshapauka, ukijikuna kidogo inatoka mistari myeupe mtoto anaweza akaandika jina lake hapo. Mi nilikaa Morogoro kabla ya kuhamia huku, kule losheni naipaka asubuhi inanifikisha jioni bila maswali. Losheni hiyohiyo, kopo lilelile nililokuja nalo kwenye begi, huku naipaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa nne niko ofisini najikuna kama nina upele. Na maji yetu mnayajua, yana chumvi, sabuni unasugua mpaka mkono unachoka povu hakuna, birika la chai nyumbani lina magamba meupe ndani. Na hayohayo ndo naoshea uso.

Sasa mwaka huu nikasema hapana, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti nitajaribu vitu kimoja kimoja nione kipi kinafaa kwa mtu kama mimi. Mtu kama mimi maana yake nina watoto watatu, mdogo ana mwaka na nusu na bado ananyonya, nakaa Nkuhungu na kazi iko Mtumba, kwa hiyo saa kumi na mbili na robo natakiwa niwe nimeshatoka kuwahi gari. Muda wangu wa urembo ni dakika tano, na katika hizo tano mbili ni za kutafuta soksi ya mtu. Kwa hiyo zile habari za hatua kumi za uso, sijui tona, sijui esensi, samahani sana mashosti, hizo ni za watu waliolala.

Afu kuna kitu kingine kilichoniongoza ambacho sikukipanga. Huyu mdogo wangu akiwa ananyonya ana tabia ya kunishika shavu, anasugua, kisha vidole vyote anaingiza mdomoni. Wakati mwingine ananilamba kabisa shingoni. Nikakaa nikawaza, kumbe chochote ninachopaka kinaenda tumboni kwake. Basi ikawa ndo kipimo changu cha kwanza kabla hata ya bei.

Naanza na gliserini maana ndo iliyonishangaza. Ile chupa ndogo ya duka la dawa, haifiki hata elfu tatu. Mwanzoni nilikuwa naipaka kavu kavu, nikaichukia kabisa, inanata, ukitembea dakika kumi na vumbi la huku unafika umepakwa tope, na bado ngozi inavuta. Kuna dada ofisini kwetu mwenyeji wa Kondoa akanicheka akaniambia wewe unapaka gliserini kwenye ngozi kavu na hewa kavu, itachukua wapi maji? Kazi ya gliserini ni kuvuta maji, hewani huku mwezi wa saba maji hayapo, kwa hiyo inayavuta kwenye ngozi yako mwenyewe. Unatakiwa upake ukiwa bado umelowa. Siku ile nilivyorudi nikachemsha maji, yakapoa, nikachanganya kifuniko kimoja cha gliserini na vitatu vya maji kwenye kichupa cha kupulizia. Sasaivi nikitoka kuoga sijifuti, nakung'uta tu maji, napuliza mwili mzima, nasambaza kwa kiganja, basi. Ila tengeneza kidogo kidogo, mi ya wiki moja tu na inakaa kwenye friji, maana maji ukiyaacha kwenye chupa wiki tatu yanaota vitu na we unajipulizia tu kwa raha zako.

Na juu yake Vaseline. Hapa sina jipya la kuwaambia, hii kitu ina hati miliki ya Marekani tangu 1872 na bibi zetu wametupaka mpaka tukang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Ila kuna kosa tulikuwa tunafanya nyumbani na naona wengi bado wanalifanya, tunaipaka ngozi ikishakauka kabisa. Vaseline haina maji ndani yake hata tone, kazi yake ni kufunika, ukifunika ukavu unabaki na ukavu wako unaong'aa. Ukiipaka dakika mbili tatu baada ya maji, juu ya ile gliserini, unafunika maji. Nilifanya majaribio ya kijinga, mguu wa kulia nikapaka ukiwa umelowa, wa kushoto nikausubiri ukauke kabisa ndo nikapaka, nikavaa sketi nikaenda kazini. Saa saba mchana nikawanyanyulia sketi wenzangu chini ya meza. Wa kushoto ulikuwa na unga, wa kulia mzima. Tokea siku hiyo kuna wanne pale ofisini wamenunua kichupa cha kupulizia.

Kwa magaga ndo usiseme. Usiku naloweka miguu kwenye beseni dakika kumi wakati nasimamia homuweki, nasugua na jiwe, napaka Vaseline nzito, navaa soksi nalala. Siku ya nne shuka lilikuwa halinasi tena kwenye kisigino. Mnaojua ile sauti ya kisigino kunasa kwenye shuka mtanielewa.

Mafuta ya nazi nayapenda kwa harufu na mtoto akiyalamba sina wasiwasi, ila jamani Dodoma Julai asubuhi mafuta ya nazi ni jiwe. Yenyewe yakishashuka chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda, na sisi alfajiri ya mwezi wa saba tuko mbali sana chini ya hapo. Kwa hiyo upo uchi, umelowa, meno yanagongana, unachokonoa chupa kwa mpini wa kijiko. Nimeyahamishia kwenye nywele za watoto jumamosi mchana, huko yanafanya vizuri.

Ya ubuyu ndo yamenifurahisha. Niliyanunua Nane Nane pale Nzuguni, kwa akinamama wanaokamua mbegu za ubuyu wenyewe, chupa ndogo kama ya dawa ya kikohozi elfu nane. Hayagandi kwenye baridi yetu, hayana harufu kali, kama karanga kwa mbali. Matone matatu unasugua kwenye viganja unapaka usoni juu ya unyevunyevu, yanaingia, huonekani kama umekaanga chapati. Kwa mwili mzima ni ghali, yangekwisha wiki moja, kwa hiyo uso na kucha tu. Naipa tisa kwa kumi, hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya kifuniko, kinavuja, mkoba wangu wote una mafuta pamoja na kitambulisho. Na niseme tu inanifurahisha kwamba huo mti tunaupita kila siku barabarani tumeuzoea kuusaga unga wa juisi na pipi za watoto, kumbe na mbegu nayo ina kazi.

Sasa sanskrini, yaani krimu ya kuzuia jua. Hii nilikuwa naona ni mambo ya wazungu, sisi jua ni letu. Ila baada ya mimba ya huyu wa tatu nilitokewa na mabaka mashavuni, yale ya kahawia kama ramani, na kila nikisimama kituoni jua la saa tisa likinipiga yanazidi kukolea. Niliambiwa hospitali kwamba paka dawa yoyote unayotaka, kama jua hulizuii unatwanga maji kwenye kinu. Haya nikaenda kununua.

Ya kwanza ilikuwa aibu. Elfu 28, SPF 50 (hiyo SPF ndo namba ya nguvu yake ya kuzuia jua), nikaipaka vizuri kama walivyoelekeza, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, nikatoka mbio bila kujiangalia maana mtoto alikuwa amemwaga uji. Nafika getini mlinzi ananiangalia, anasita, ananiuliza kwa heshima zote, "Mama, asubuhi yote hii umeshatoka mashine?" Nikaingia chooni nikajitazama, kweli bwana, sembe tupu! Nyusi nyeupe, nywele za pembeni nyeupe. Baadaye ndo nikajifunza kusoma nyuma ya tyubu, ukiona zinki oksaidi au titani dayoksaidi juu kabisa kwenye orodha, kwa ngozi zetu ujiandae kutoka mashine. Zenyewe ni nzuri tu hazina ubaya, hata kwa watoto zinashauriwa, ila zinabaki juu ya ngozi na rangi yake ni nyeupe, labda upate zile zilizotiwa rangi ya kahawia.

Ya pili nikachukua ya jeli, SPF 30, elfu 35. Nilikuwa na wasiwasi na hiyo 30 lakini kumbe 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza na 50 inazuia kama 98, kwa hiyo tofauti ni hiyo asilimia moja, bora upake ya kutosha kuliko kujivunia namba halafu unapaka punje ya harage. Hii haionekani kabisa, hainati, tatizo lake ni bei na wanavyosema urudie kila baada ya masaa mawili ukiwa juani. Mi ofisini nipo ndani, kwa hiyo narudia saa nane na nusu kabla ya kutoka kwenda kusimamia gari. Mabaka hayajaisha, nisiwadanganye, ila yameacha kukolea na la kushoto limefifia mpaka dada yangu kaliona kwenye video kolu bila mimi kumwambia. Hii hela yake inaniuma kila mara na kila mara nanunua.

Serumu ya vitamini C, yale matone ya kupaka usoni, elfu 45, sitataja ni ya nani maana nusu ya kosa ni langu. Niliiweka dirishani bafuni, jua linaipiga, kifuniko watoto wanakichezea. Ilikuja kama maji, wiki ya tano ikawa rangi ya chai ya rangi. Vitamini C haipendi mwanga, joto wala hewa, ikishabadilika rangi hivyo imekufa, unapaka chai. Na hata ilipokuwa nzima, nikiweka sanskrini juu yake inaviringika vipande vipande kama ufutio wa penseli. Kwa dakika zangu tano na bafu langu hilo, hapana. Hiyo hela ni gunia la mkaa.

Hapa ngoja niseme kidogo habari ya maduka. Ninaponunua siku zote ni kibanda cha vipodozi mtaa wa nyuma ya Soko la Majengo, dada mmoja mpole, anakufungulia kopo unanusa, akiwa hana anakuambia sina, na vitu vyake vina tarehe. Lakini kuna siku niliingia duka lingine kubwa, vioo, taa mpaka unaona vinyweleo vyako vyote, nikaulizia kitu cha mabaka. Binti akaninong'oneza kabisa.

"Mamaa hii hapa, wiki mbili unang'aa, mpaka shemeji atashtuka."

Nikamuuliza ina nini ndani.

"Ina vitamini."

"Vitamini gani dada?"

"Za kung'arisha."

Kopo jeupe, stika imebandikwa pembeni imepinda, hakuna orodha, hakuna nchi, hakuna alama ya TBS, hakuna tarehe. Elfu 15. Na nikiri mbele yenu, nililinunua. Nilikuwa nimechoka na ile ramani usoni. Nikafika nyumbani, nimekaa kwenye kochi na kopo limefunguliwa pajani, mdogo akaja kunyonya, na ile tabia yake, mkono shavuni, sugua sugua, mdomoni. Nikalifunga. Haya makopo yasiyo na jina ndo yanakokutwa haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua ngozi, na zebaki, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na zebaki inaenda kwenye figo, na si za kwako tu, za anayekugusa pia. Nimelifunga kwenye mfuko mweusi nimelificha juu ya kabati, sijui hata nalitupaje, sitaki kulimwaga ardhini wala kulitupa jalalani watoto waliokote. Na dukani nilirudi kuwaambia, wakaniambia wateja wengine hawajalalamika.

Vingine haraka haraka. Sabuni, nimeacha ile ya mche ya kufulia usoni, ndiyo nilikuwa natumia msinicheke, na maji haya ya chumvi ndo kabisa ngozi inakaza kama ngoma. Natumia ya maji ya watoto wadogo, isiyo na harufu, jioni tu, asubuhi maji matupu. Lipshaini inayong'aa sana kwa upepo wa huku inadaka vumbi, unamaliza siku unatafuna mchanga, kwa hiyo mdomoni nako Vaseline. Poda na wanja niliviacha kwenye pochi, nikipata siti kwenye gari najipaka, nisipopata siku imepita. Mikono ndo inateseka kwa ajili ya vyombo, nimeweka kijikopo cha Vaseline pembeni ya sinki, mwenzangu akidhani ni samli nusu apakie mkate.

Hivi naandika leo ni tarehe 20, mshahara bado, na sanskrini ilikataa kutoka tangu juzi. Asubuhi nimechukua mkasi nikaikata ile tyubu katikati, humo ndani kumbe kuna ya siku tano kabisa imeng'ang'ania ukutani. Nimeichomeka nusu moja ndani ya nyingine, nikafunga na raba bendi ya mtoto ya nywele, ya pinki, nikaiweka juu ya friji ambapo hawafiki.